Bashasha Haina Kitenzi

Hotuba ya Siku ya Kiswahili Duniani, Mikindani, Mtwara

Wazee wangu, shikamooni. Masheikh wetu, mapadre wetu, asalaam aleikum na Tumsifu Yesu Kristo. Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Nanyi kinamama mliofunika ndoo zenu za samaki mkaja kukaa hapa badala ya kuwahi wateja, ahsanteni. Sitawaweka mpaka jua liwaharibie mali. Wanangu wa shule mlioko kwenye majamvi, nimewaona. Huyo anayesinzia namjua tangu babu yake.

Sisi wa umri wangu tarehe 7 Julai tunaijua kama Saba Saba, kwa sababu TANU ilizaliwa siku hiyo mwaka 1954. Mwaka 2021 UNESCO nayo ikaipa lugha yetu siku hiyohiyo. Kwa hiyo tuna sherehe mbili na kuku ni mmoja.

Waandaaji waliniomba nizungumzie mchango wa Kiswahili katika maendeleo ya taifa. Nikawaambia hilo waachieni wenye vyeo, wamekwisha kulikariri. Mimi nipeni neno moja, silabi tatu tu, nilizunguke mpaka nichoke. Neno lenyewe ni bashasha, na nina deni nalo.

Mwaka 1989 nilikuwa nafundisha darasa la sita kule Newala, juu kwenye uwanda wa Wamakonde. Niliwapa wanafunzi insha: Mgeni Alipofika Nyumbani. Mvulana mmoja, mtundu, mwandiko wake kama msafara wa siafu, akaandika: “Mama alipomwona mjomba, alibashasha.” Nikalizungushia neno kalamu nyekundu na pembeni nikaandika, “Hakuna neno hili.” Kipindi kilipokwisha akanifuata mezani.

“Mwalimu, furaha ina kufurahi. Kicheko kina kucheka. Tabasamu lina kutabasamu. Bashasha imekosa nini?”

Nikamjibu jibu la kila mwalimu aliyeishiwa: “Ndivyo lugha ilivyo. Kakae.” Yeye akakaa. Mimi ndiye sikukaa.

Miaka mitatu iliyopita nikamkuta stendi hapa Mtwara, ndevu zimeingia mvi. Akaniamkia, akanipokea mkoba, akauliza afya yangu na ya watoto mmoja mmoja, kisha akacheka: “Mwalimu, lile jibu?”

Basi nilitafute mbele yenu.

Neno limetoka kwa Waarabu. Wao husema bashāsha, wakiivuta ile sha ya kati, na ndiyo maana sisi tulipolipokea hatukupata taabu nalo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na Mwarabu alikuwa ameshavuta palepale. Wapo wanaodhani ni neno la kurudiarudia, kama polepole au chekacheka. Sivyo. Ni mzizi wa ba moja na shini mbili. Watoto wa madrasa mnanielewa. Wala msilichanganye na bashiri, ambalo mzizi wake ni ba, shini na ra. Hilo la pili ndilo lililozaa bishara, habari njema, na ni ndugu wa neno la Kiarabu lenye maana ya ngozi. Wanalugha wa Kiarabu wa zamani walieleza kwamba habari njema iliitwa hivyo kwa kuwa humbadilisha mtu ngozi ya uso. Bashiri na bashasha hayakuzaliwa tumbo moja, ila yote mawili makao yake ni usoni.

Upepo uliotuletea maneno ya namna hii mnaujua, maana mwenzake ndio huu unaopeperusha mitandio yenu sasa hivi. Kaskazi ya Desemba mpaka Machi iliyaleta majahazi kutoka Uarabuni, kusi iliyarudisha. Kati ya pepo hizo mbili mabaharia walikaa, hapa Mikindani, Lindi, Kilwa. Mtu anayengoja upepo wa kurudi hana haraka. Hukaa barazani, hula, huoa. Mimi naamini maneno ya biashara hushuka bandarini siku ileile chombo kinapotia nanga: bei, faida, hasara, rasilimali. Maneno ya uso yanahitaji ukae barazani kwanza.

Na baraza za huku kusini hazikuwa baridi. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Ameandika kwamba Ijumaa moja, sultani alipokuwa akitoka kusali, maskini mmoja wa Yemeni alimsimamisha akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia ndani, akabadili, akampa. (Mwendelezo wa kisa hicho una watumwa na pembe za ndovu ndani yake, kwa hiyo tusiupambe sana ukarimu wa masultani.)

Turudi kwenye neno. Waarabu wakitaka kumweleza mtu bashasha ni nini, husema ni ṭalāqa ya uso. Kinamama, mmesikia vizuri. Mzizi huo ndio uliotuletea talaka! Msicheke, sikilizeni. Mzizi ule maana yake ni kufungua kilichofungwa, kuachia kilichoshikwa. Mume akifungua kifungo cha ndoa ni talaka. Uso ukijifungua mbele ya mtu ni bashasha. Sahihi Muslim ina hadithi inayotukataza tusidharau jema lolote, hata kama ni kukutana na nduguyo kwa uso uliofunguka, na neno lililotumika ni la mzizi huohuo. Ile nyingine mnaijua wote, kwamba tabasamu lako mbele ya nduguyo ni sadaka.

Na bashasha lenyewe, kwa herufi zake, limo katika Sahihi Bukhari, katika kisa cha Abu Sufyan kuitwa mbele ya Heraclius, mfalme wa Warumi. Mfalme aliuliza maswali mengi kuhusu Mtume. Mojawapo lilikuwa kama wapo wanaoiacha dini yake kwa kuichukia baada ya kuingia. Akajibiwa hakuna. Mfalme akasema ndivyo imani ilivyo pale bashasha yake inapochanganyika na nyoyo. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu. Nilizoea bashasha ya mapokezi, ya “karibuni wageni”; hapa imani ndiyo inayokuja na bashasha yake, inaingia moyoni kama mgeni aliyepata mwenyeji.

Sasa, Waarabu kitenzi wanacho. Husema bashsha, na kwa kawaida hakikai peke yake: unambashia mtu, kwa maana ya kumpokea kwa uso mwema. Sisi tulichukua jina, kitenzi tukakiacha jahazini. Hilo nililijua zamani. Lililonichukua muda ni kuona tulichofanya na jina hilo baada ya kulichukua.

Nipeni sentensi zenye bashasha. Naam, mama pale? “Alitupokea kwa bashasha.” Vizuri. Mwingine? “Alimwitikia kwa bashasha.” Wewe mwanangu? “Walilakiwa kwa bashasha.” Mnaona? Tunapokea kwa bashasha, tunakaribisha, tunasalimia, tunaitika, tunahudumia, tunaaga. Haya, sasa nami niwape yangu: “Juma alilala kwa bashasha.” Mmecheka. “Asha alikula peke yake jikoni kwa bashasha.” Mmecheka tena. Sarufi yake haina kosa hata moja, lakini sikio limekataa.

Ukibadilisha ukasema Juma alilala kwa furaha, sikio linatulia. Furaha inaweza kulala na mtu, ikaamka naye, ikakaa naye chumbani mlango umefungwa na taa imezimwa. Unaweza kuificha, wapo waliofurahi miaka mingi na hakuna jirani aliyejua. Bashasha haifichiki. Ikifichwa inakuwa kitu kingine. Inataka mtu mbele yako, na inataka kitendo cha kuiegemea: kupokea, kuitika, kuaga. Ndiyo maana haikuhitaji kitenzi chake yenyewe. Inapanda kitenzi cha mwenzake, kama abiria wa bodaboda.

Hilo ndilo jibu langu kwa yule mvulana. Mtasikia mwisho kama alilikubali.

Kabla ya hapo nataka kuwatoa hofu wale wanaodhani kwamba furaha yetu yote iliagizwa kwa jahazi. Ni kweli furaha ni Kiarabu, raha ni Kiarabu, tabasamu ni Kiarabu. Lakini kucheka ni kwetu. Myao anasema kuseka, na Mchewa wa Malawi kuseka vilevile. Mkikuyu anasema theka, Mzulu kule kusini kabisa anasema hleka. Neno moja, limetembea bara zima kwa miguu. Na kuchangamka ni kwetu.

Na lipo la kwetu linalonifurahisha kuliko yote: kukunjua. Chukueni kunja, mtie ile -ua ya kugeuza, kama mnavyotoa fungua katika funga, na tegua katika tega. Mnapata kunjua. Tunakunja nguo, tunakunjua nguo. Tunakunja mkeka asubuhi tukauegemeza ukutani. Mgeni akipiga hodi, tunaukunjua. Na uso hivyohivyo. Mtu aliyekunja uso ameuegemeza ukutani, hajamtarajia mtu. Mtu mwenye uso mkunjufu amekutandikia kabla hujavua viatu. Kutokana na kunjuka tunapata -kunjufu, kama vile kutokana na changamka tunapata -changamfu. Mwarabu akasema uso umefunguka, Mmatumbi na Mmwera na Mmakonde waliokuwa wakiongea Kiswahili cha pwani wakasema uso umekunjuka. Hawakukaa kikao. Neno la jahazini lilipofika, lilikuta mkeka wake umeshatandikwa.

Je, sokoni watu wanasema bashasha? Tusidanganyane. Nilizunguka soko kuu la hapa Mtwara wiki iliyopita, sikio wazi, kuanzia kwa wauza nyanya mpaka kwa wakaanga pweza. Nilisikia “yule dada mchangamfu”, nikasikia “mcheshi”, nikasikia “mtu wa watu”, na hili la mwisho ndilo sifa kubwa kuliko zote. Bashasha sikuisikia. Bashasha imevaa kanzu. Utaikuta kwenye kadi za mwaliko, redioni, kwenye risala, kwenye insha za watoto wanaotaka alama. Hilo halinisumbui, kila nyumba ina vikombe vya wageni.

Linalonisumbua ni magazeti. “Maelfu wamlaki kiongozi kwa bashasha.” Maelfu wangapi wenye uso mmoja? Umati una shangwe, una nderemo, una hoihoi na vifijo, hata vigelegele. Hizo ni sauti, na sauti za watu wengi zinachanganyika. Bashasha ni ya uso, na uso una mwenyewe. Ukiniambia mzee aliyekuwa mstari wa mbele alimpa mgeni mkono kwa bashasha, nakuamini. Ukiniambia uwanja mzima, nitajua mwandishi hakufika.

Na kuna mabango. Niliwahi kwenda ofisi moja, sitaitaja, kufuatilia karatasi zangu za kustaafu. Ukutani kibandiko kikubwa: Karibu Tukuhudumie kwa Bashasha. Chini yake amekaa binti kanuna, ndita tatu kwenye paji la uso, hajainua macho. Nilimsalimia mara mbili. Mara ya tatu akanyoosha mkono kuomba karatasi. Nilitaka kukasirika, kisha nikaangalia foleni nyuma yangu, ikapita mlangoni ikaingia kwenye jua. Wale wote walikuwa wamefika na nyuso zilizokunjwa, mimi mmoja wao. Bashasha ya watu mia kwa siku, kwa mshahara ule, ni kazi nzito kuliko kuchimba ming'oko, vile viazi vyetu vya porini.

Majina ya wasio na bashasha tunayo kwa wingi, tuyapitie upesi maana hayapendezi. Amenuna. Amekunja ndita. Amevimba. Ana kisirani, hasa asubuhi. Vijana wanasema kauzu, wamelichukua kwa dagaa mkavu, na nakiri hilo limekaa: dagaa kauzu hata umtie mafuta kiasi gani, bado anakutazama vilevile.

Lakini msije mkadhani bashasha ni njema kila mahali. Msibani tunawapokea watu, tunawatandikia, tunawapa chakula, wala hakuna atakayesema wafiwa waliwapokea waombolezaji kwa bashasha. Ukunjufu wa moyo upo. Bashasha inangoja nje. Na bibi harusi wa pwani, kwa mila, huinamisha macho. Akiwa na bashasha mno, mawifi watatazamana. Siku hizi maharusi wanaingia ukumbini wakicheza mpaka mashela yanadondoka, na mimi nakula pilau yangu, sisemi kitu.

Halafu ipo bashasha ya kuogopa. Wakulima wa korosho mnaijua. Inafika kabla ya msimu, wakati ghala ni tupu na ada za watoto zimekaribia. Mtu anapiga hodi, meno yote nje, anauliza watoto, anamsifu hata mbwa. Anafungua pochi: chukua hizi, mama, utanilipa kwa korosho. Kipimo ni chake, bei ni yake. Kangomba. Mwezi Oktoba wenzako wanapeleka magunia ghalani kwa chama cha msingi, wanakaa kusikiliza bei za mnada zikisomwa, wakubali au wakatae, na wewe mzigo wako umeshaliwa tangu mikorosho haijatoa maua. Wazee walikwisha sema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi ni kile kikopo cha kuwekea vipambo, kinang'aa nje kwa rangi. Hata huyo wa kangomba, angalieni, amefuata sarufi: amekuja na mtu wa kumlenga na kitendo cha kuegemea. Kitendo chenyewe tu ndicho kibaya.

Nimeona mama mmoja anaangalia ndoo yake. Namalizia.

Mwaka jana, mwezi kama huu, nilipanda gari kwenda Tandahimba kumlipa yule mvulana deni lake. Nilifika mapema, umande haujakauka, upepo umelala. Wenye mikorosho mnajua kwa nini saa hizo hapatikani mtu nyumbani. Alikuwa shambani na bomba mgongoni, anapuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho. Kanga ya mkewe ameifunga puani. Nikapiga hodi kwa mbali maana ule unga unakaba. Akazima mashine. Akatokea kati ya miti, njano kuanzia nywele mpaka viatu, macho mekundu kama aliyelia usiku kucha. Akaishusha ile kanga. Meno tu ndiyo yaliyokuwa meupe.

“Mwalimu! Karibu, karibu sana, usinishike mkono!”

Mkewe akakunjua mkeka chini ya mkorosho ambao bado haujapulizwa, akaleta ming'oko ya kuchemsha, ya moto bado. Nikammenyea mtoto wao mdogo huku nikimweleza baba yake jibu langu lote, kama nilivyowaeleza ninyi: jahazi, mzizi, talaka, Juma aliyelala kwa bashasha. Alisikiliza kachuchumaa pembeni ya mkeka asije akauchafua. Talaka ilimchekesha. Ya Juma ilimchekesha zaidi.

Kisha akafikiri kidogo, akasema: “Lakini mwalimu, umesema mwenyewe Waarabu kitenzi wanacho.”

“Wanacho.”

“Basi sisi tulikisahau jahazini tu. Mimi insha ile ningeiandika tena vilevile.”

Akajifunga kanga yake puani, akawahi kurudi mitini kabla upepo haujaamka. Mkewe akanisogezea chumvi.